Majina ya Kiswahili katika Santuri za Jazz: Kutoka Uhuru Afrika (1960) hadi Asante (1974)

1. Utangulizi

Wapenzi wa muziki wa jazz, popote wanapokutana, wana desturi ya kuulizana swali moja: siku hizi unasikiliza santuri gani? Anayejibu hatosheki kutaja wimbo. Hutaja jina la santuri, mwaka iliporekodiwa, kampuni iliyoitoa, na wapigaji mmoja mmoja, kuanzia mwenye tarumbeta hadi mwenye ngoma. Mwenzake naye hutoa yake, na mazungumzo huendelea hivyo hata usiku wa manane. Mara nyingi santuri yenyewe haipo mahali hapo. Kinachopita kutoka kinywa kimoja hadi kingine ni jina lake.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiketi karibu na wazungumzaji hao atasikia jambo la kumshangaza. Miongoni mwa santuri za Wamarekani weusi za miaka ya 1960 na 1970 zimo zenye majina ya lugha anayoisoma: Uhuru Afrika, Kawaida, Mwandishi, Taifa, Asante. Waliozitunga hawakulelewa katika Kiswahili. Zamani santuri hizo zilikuwa adimu katika miji ya Kongo. Leo mtu mwenye simu anaweza kuzisikiliza akiwa Lubumbashi au Kisangani, na kwa hiyo maswali yanayotokana na majina yake yamekuwa karibu zaidi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: majina hayo yalitoka wapi, yameundwaje kwa upande wa sarufi na maana, na kwa nini lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kiswahili wala si nyingine ya Afrika. Suala hilo haliwahusu wapenzi wa muziki peke yao. Linagusa swali la nani ana haki juu ya neno, na neno hupata nini na hupoteza nini linapovuka bahari bila sentensi zake.

2. Mwaka 1960: majina mawili yaliyopishana baharini

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Kongo ilikuwa mojawapo, tarehe 30 Juni. Mwanzoni mwa mwaka huo, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels, Joseph Kabasele na wenzake walirekodi Indépendance Cha Cha. Bendi yao iliitwa African Jazz, nayo ilikuwa imeundwa mwaka 1953. Hata hivyo, muziki wake haukuwa jazz kama New York ilivyoielewa. Ulikuwa rumba, yenye mizizi ya Kongo na Kuba.

African Jazz haikuwa peke yake. OK Jazz ilizaliwa Léopoldville mwaka 1956. Tanganyika kulikuwa na Dar es Salaam Jazz Band tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz Band tangu miaka ya 1940, na Western Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1959. Katika majina hayo yote neno jazz halikutaja mtindo wa muziki. Lilimaanisha kundi la vijana wa mjini wenye magita, saksafoni na tarumbeta, waliovaa vizuri na kuchezesha watu dansi. Lilikuwa jina la usasa.

Neno hilo lenyewe lilikuwa limekwisha kusafiri sana. Linaonekana kwa mara ya kwanza katika magazeti ya California mwaka 1912 na 1913, likihusu mchezo wa mpira na maana yake ikiwa nguvu au uchangamfu. Lilipachikwa muziki mjini Chicago mwaka 1915, na mwaka 1917 likaandikwa juu ya santuri. Baadhi ya watu wamejaribu kulipatia asili katika lugha za Afrika, Kikongo ikiwemo, lakini ushahidi wa kutosha haujapatikana.

Mnamo Novemba mwaka huohuo wa 1960, mjini New York, mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alirekodi santuri aliyoiita Uhuru Afrika. Melba Liston, mpiga tromboni, ndiye aliyepanga sauti za ala. Maneno yalitungwa na mshairi Langston Hughes. Kundi lilikuwa kubwa: mlikuwamo Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef na Max Roach, pamoja na Mnigeria Babatunde Olatunji katika ngoma. Sehemu nne za kazi hiyo ziliitwa Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Mwanzoni Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akisema kwa Kiswahili. Weston alisimulia baadaye kwamba aliwaendea Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa akawauliza lugha ipi ingefaa kuliwakilisha bara zima, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Mwaka 1964 santuri hiyo ilipigwa marufuku Afrika Kusini.

Basi katika mwaka mmoja mambo mawili yalipishana. Wakongo waliutangaza uhuru chini ya neno la Marekani, bila kupiga jazz; Wamarekani weusi waliusherehekea uhuru wa Afrika chini ya neno la Kiswahili, bila kusema Kiswahili. Kila upande uliazima kwa mwenzake neno moja na kulitundika mlangoni. Kuazima huko hakukuwa ujinga. Kulikuwa njia ya kusema: sisi nasi ni wa kule.

3. Kwa nini Kiswahili?

Kwa hesabu ya nasaba, chaguo hilo linashangaza. Wengi wa Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi na pwani ya Kongo na Angola. Waliotoka pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wachache. Mjini New Orleans, katika uwanja ulioitwa Congo Square, watumwa waliruhusiwa kukutana siku za Jumapili wakapiga ngoma na kucheza. Kama ingekuwa suala la damu tu, Kikongo au Kiyoruba kingestahili zaidi kukaa juu ya santuri hizo.

Sababu za kukipendelea Kiswahili zilikuwa nyingine, nazo ni tatu. Ya kwanza, Kiswahili hakikuwa mali ya kabila moja. Mmarekani mweusi ambaye hakujua babu yake alitoka kabila gani hakuweza kuchagua lugha ya kabila bila kujisingizia ukoo. Lugha ya watu wengi ilimpokea bila kumwuliza ukoo. Ya pili ni siasa. Neno uhuru lilikuwa limesikika duniani kote kutoka mikutano ya Tanganyika na Kenya, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno ujamaa nalo likafuata. Ya tatu ni kazi ya vikundi vya Marekani kwenyewe. Maulana Karenga aliunda jumuiya yake huko Los Angeles mwaka 1965, na mwaka 1966 akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa pamoja na mafundisho aliyoyaita Kawaida. Msingi wake ni Nguzo Saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Mmoja wa wafuasi wa Karenga alikuwa kijana mpiga ngoma, James Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Kwa mkono wake Nguzo Saba ziliingia studioni. Mnamo Desemba 1969 ami yake, Albert Heath, aliyejiita Kuumba, alirekodi santuri iliyoitwa Kawaida, akiwa na Mtume, Jimmy Heath, Herbie Hancock, Don Cherry na Buster Williams. Nyimbo zake zina majina kama Baraka, Maulana na Dunia. Baada ya hapo mtiririko uliongezeka. Gary Bartz na kundi lake NTU Troop walitoa Taifa na Uhuru mwaka 1971. Mwaka huohuo Hancock alitoa Mwandishi. Archie Shepp alitoa Kwanza mwaka 1974, na McCoy Tyner, mwaka huohuo, alitoa Asante, iliyokuwa imerekodiwa mwaka 1970. Miles Davis, ambaye Mtume alimpigia ngoma tangu mwaka 1971, alizipa nyimbo mbili za santuri yake Get Up with It (1974) majina Mtume na Maiysha.

4. Maneno yenyewe: umbo na maana

Mwalimu wa sarufi akiyatazama majina hayo atapata ndani yake somo zima. Ni vema kuyagawa kwa aina.

(a) Majina yaliyokaa sawasawa. Kucheza Blues ni Kiswahili safi: kitenzi-jina na shamirisho yake, kwa maana ya kuicheza blues kama dansi. Uhuru Kwanza nalo linakubalika kama kauli ya mkutanoni, ambapo neno kwanza hubeba madai: mengine baadaye. Uhuru Afrika halina kiunganishi. Lugha ya kawaida ingedai Uhuru wa Afrika. Lakini kauli za kisiasa za Kiswahili zenyewe hupenda kuacha viunganishi, na msikilizaji wa Afrika Mashariki hasumbuki kulielewa.

(b) Majina yaliyobeba maana ya Kiingereza ndani ya nguo za Kiswahili. Hapa mfano bora ni kundi la Hancock, ambalo kila mpigaji wake alipewa jina. Hancock mwenyewe aliitwa Mwandishi. Neno hilo limeundwa vizuri kabisa: mzizi -andik-, kiambishi cha mtendaji -i, na badiliko la k kuwa sh ambalo kila mwanafunzi wa mofolojia hulifahamu. Lakini aliyekusudiwa alikuwa mtu anayetunga muziki, naye kwa Kiswahili ni mtunzi. Mwandishi ni wa vitabu, magazeti na barua. Buster Williams, mpiga besi, aliitwa Mchezaji. Kiswahili hakichezi ala, huzipiga. Mchezaji ni wa mpira au wa ngoma uwanjani, na mwenye besi ni mpigaji. Kosa linaeleweka: Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa mpira na kwa piano. Kifaransa nacho ni vivyo hivyo, na kwa hiyo msomaji wa Kongo ataona upesi mahali mguu ulipoteleza.

Julian Priester, mpiga tromboni, aliitwa Pepo Mtoto, yaani roho iliyo kama mtoto. Katika pwani pepo ni kile kinachompanda mtu na kutolewa kwa uganga. Jina hilo likitajwa Mombasa huenda wazee wangeuliza ni nani wa kumpunga. Bennie Maupin aliitwa Mwile, umbo lililo karibu na mwili, lakini kamusi hazina neno hilo.

(c) Majina yaliyolenga shabaha, pengine bila kujua. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, aliitwa Mganga, naye alikuwa daktari kweli, aliyemaliza masomo ya tiba Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1968. Billy Hart, mpiga ngoma, aliitwa Jabali, yaani mwamba mkubwa. Miaka hiyohiyo ya 1970 Tanzania ilikuwa na mwimbaji Marijani Rajab, ambaye wapenzi wake walimpa sifa ya Jabali la Muziki. Tamathali moja ilitokea pande mbili za dunia: pale ilikuwa imetoka kinywani mwa wenye lugha, huku ilikuwa imeokotwa kutoka orodha ya maneno, na zote mbili zilisimama imara.

(d) Tahajia. Kwanzaa ina herufi a ya ziada ambayo sarufi haiihitaji. Iliongezwa ili jina liwe na herufi saba. Maiysha ni maisha kama lilivyosikika na sikio la mgeni. Asante, ambalo Wakongo wengi hulitamka aksanti, lina hatari ya namna nyingine: mgeni anaweza kudhani limetajwa taifa la Waasante wa Ghana.

(e) Asili ya maneno. Katika Nguzo Saba, nia na imani zina asili ya Kiarabu, na ujamaa ni shina la Kiarabu lililovikwa kiambishi cha Kibantu. Nne zilizobaki ni za Kibantu. Uhuru, taifa, kawaida, baraka, dunia, jabali na asante, zote zilitoka Kiarabu. Kundi la Bartz linatoa mfano wa kufurahisha, kwa kuwa jina lake, NTU, ni ule mzizi wa muntu na kintu. Katika Kiswahili sanifu mzizi huo umepoteza n yake: mtu, kitu. Huko Katanga mzizi huo una historia yake, kwani kitabu cha padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville mwaka 1945. Hivyo kwenye jalada la santuri moja neno la Kiarabu na mzizi wa Kibantu vilikaa pamoja kwa amani, kama vinavyokaa katika Kiswahili tangu karne nyingi.

Swali linalofuata ni kama makosa haya yanastahili kucheka. Jibu la haki ni hapana. Wakongo waliposema African Jazz hawakuuliza kwanza jazz ni nini kwa watu wa New Orleans. Neno likiazimwa bila sentensi zake hupoteza mipaka yake. Hilo ni kanuni ya kuazima, wala si dosari ya Wamarekani. Kinachostahili kuangaliwa ni jambo jingine: katika kutoka kwake, neno liliacha nini nyuma?

5. Yale yaliyoachwa nyuma

Liliacha nyuma, kwanza, historia yenye uchungu. Katika santuri za New York Kiswahili kilikuwa lugha ya ukombozi. Lakini kilipofika kando ya mto Lualaba, katika karne ya 19, kilikuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ikiwemo ile ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyekuwa na makazi yake Kasongo. Wakosoaji wamewakumbusha Wamarekani weusi jambo hilo mara kwa mara: ninyi wana wa watumwa, mbona mmechagua lugha ya wafanya biashara ya watumwa?

Hoja hiyo ni nzito, lakini haitazami neno lenyewe. Uhuru linatokana na huru, na katika pwani ya zamani huru hakuwa raia wa nchi iliyojitawala. Alikuwa mtu asiye mtumwa, au mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Maana ya kisiasa ilikuja baadaye, ikajengwa juu ya ile ya kwanza. Vivyo hivyo jina la kale la Kiswahili cha mashariki ya Kongo, Kingwana, linatokana na waungwana, yaani watu huru. Wale wa misafara walijiita hivyo ili wajitenge na waliofungwa minyororo. Maneno haya mawili yalizaliwa palepale penye utumwa, kwa sababu hakuna anayehitaji neno la kumtaja mtu huru kama hajamwona asiye huru. Mjukuu wa watumwa wa Marekani alipoandika Uhuru juu ya santuri yake, hakuokota neno lisilomhusu. Aliokota neno ambalo historia yake inafanana na yake mwenyewe.

Cha pili kilichoachwa nyuma ni Kiswahili kilichokwisha kuimbwa. Mwaka 1952, yaani miaka minane kabla ya Uhuru Afrika, Hugh Tracey alimkuta Jadotville, leo Likasi, kijana mpiga gita aitwaye Mwenda Jean Bosco, akamrekodi wimbo Masanga. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, cha watu wa migodini na mitaani, chenye sentensi kamili na si majina tu. Katika kuulizana unasikiliza nini, wapenzi wa jazz hawamtaji, kwa kuwa hakupiga jazz. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kufuata mpaka huo. Kwake yeye Masanga na Uhuru Afrika ni kurasa mbili za kitabu kimoja: katika moja lugha inaishi, katika nyingine inatamaniwa.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba majina ya Kiswahili katika santuri za jazz hayakutokana na nasaba bali na siasa na matumaini ya wakati. Kwamba umbo lake mara nyingi ni sahihi ilhali maana yake imevutwa na Kiingereza. Na kwamba neno kuu kati yake, uhuru, lilibeba kumbukumbu ya utumwa ambayo wengi waliolitumia hawakuijua.

Weston alifariki mwaka 2018, Tyner mwaka 2020, Mtume mwaka 2022. Majina waliyoyachagua yanaendelea kutamkwa kila mara wapenzi wa jazz wanapoulizana wanasikiliza nini. Katika vyuo vya Kongo kazi iliyopo ni kuwafundisha wanafunzi kuyasoma majina hayo kama yanavyosomwa mashairi ya kale: kwa kuchunguza mzizi, kiambishi na maana, na kwa kuuliza neno lilipita wapi kabla ya kufika. Na anayeulizwa leo Lubumbashi anasikiliza santuri gani, akijibu Uhuru Afrika, anaweza kuongeza bila aibu kwamba neno hilo analijua tangu utotoni, na kwamba ameanza kulisikia upya.